Mwenye Kiti Hiki

Jumatatu, 3 Machi

Barua ya jiji imebandikwa kwenye mlango mkubwa. Mfagizi kaibandika juu mno, sote tukabaki kunyoosha shingo. Mwishowe Mwenyekiti akapanda juu ya ndoo akatusomea. Kinyozi yule tulimpa uenyekiti wa wapangaji kwa ajili ya sauti yake, si kwa lingine. Leo sauti imetufaa.

Mpango wa Kufufua Katikati ya Jiji — jina tamu! Majengo yote ya zamani ya biashara yatakaguliwa. Letu lina maduka arobaini. Yakikutwa hai ishirini au zaidi, jengo linakarabatiwa ghorofa moja moja, nasi tukiwa humo humo. Yakipungua ishirini, linaandikwa "jengo lililolala". Na jengo lililolala linavunjwa.

Limelala! Basi si liamshwe tu? Tangu lini mtu akilala anavunjwa?

Duka hai, inasema barua, ni lile lenye mlango wazi, taa inayowaka, na mwenyewe au mtu wake yupo. Nimepanda nikihesabu kwa vidole. Nimeshuka nikihesabu tena. Ishirini. Ishirini kamili, langu likiwemo, na hakuna hata moja la akiba.

Wifi nimemkuta kwenye duka lake la magauni ya harusi, ng'ambo ya langu, anampangusa vumbi Bi Harusi, mdoli wake wa dirishani mwenye mkono mmoja. Nikamweleza habari ya ishirini. Akasema wakimhesabu na Bi Harusi tutakuwa ishirini na moja. Nikacheka mpaka machozi. Sasa ninapoandika nakumbuka kwamba yeye hakucheka sana.

Jumatano, 5 Machi

Mteja mmoja tangu asubuhi. Skrubu ya miwani ya kusomea. Nimeikaza, nikasafisha na lenzi, nikamnyooshea na mkono wa miwani uliopinda. Nilitaka akae kidogo, ukweli ndio huo.

Alikuwa mgeni hapa, mama wa makamo. Alipofika mimi nilikuwa chooni, kiti changu nimekiweka mlangoni kama kawaida. Niliporudi nikamkuta kasimama nje kama mtu aliyefukuzwa. Mbona mmeziba mlango, akauliza. Nikamwambia mama, hapa kiti mlangoni si kufunga, ni kusema narudi. Kikitazama nje, niko karibu, kaa juu yake unisubiri. Kikitazama ndani, nitachelewa kidogo, lakini narudi. Akasema kwao kiti mlangoni maana yake kuna mbwa ndani. Haya!

Kila duka lina kiti chake cha kazi hiyo. Changu cha bluu, kile cha wateja. Mimi mwenyewe hukalia sanduku la fremu za zamani, maana mgongo umeshalizoea.

Ngazi za umeme zimesimama mwaka wa tatu huu. Siku hizi tunazipanda kama ngazi za kawaida, ila zina vidaraja virefu, magoti yanalia. Supamaketi ilipohama iliondoka na watu wake. Sinema ikafuata. Kwenye chemchemi ya ukumbini Mwenyekiti anaanika taulo zake.

Binti yangu kapiga simu. Anasema mama, waache wavunje, njoo ukae kwetu upumzike. Nipumzike na nini? Kule kwenye jengo jipya la nje ya mji nilishakwenda kuuliza. Msichana wa mapokezi akanitazama mikono. Hawapangishi mafundi, wanapangisha "chapa". Nikitoka hapa nimetoka kazini moja kwa moja. Nina miaka sitini na mmoja na mikono haitetemeki bado. Sitaki. Basi, nimeandika: sitaki.

Jumatatu, 10 Machi

Kesho ndiyo kesho. Mwenyekiti kapita duka kwa duka: taa ziwake, milango ipanguswe, na sote tushuke ukumbini kuwapokea wageni kwa heshima. Kaandaa hotuba. Kaniomba nimsikilize. Ina kurasa nne!

Nimempa ushauri akate mbili. Amekata aya moja, kisha akaongeza salamu.

Jumanne, 11 Machi

Wamekuja! Mambo yamekwenda vizuri, nadhani. Nadhani kabisa.

Saa tatu kamili tulikuwa chini, sote, tumejipanga mbele ya chemchemi. Taulo zimeondolewa. Wifi kavaa gauni la kijani lile analovaa kwa ajili ya kufunga mauzo. Kila mtu kaacha taa inawaka na kiti mlangoni, cha kutazama nje, kwa adabu. Fundi viatu hakushuka, alilala dukani kwake. Kijana wa simu naye alikuwa na mteja, hakumwacha. Tumewasema sana hao wawili. Hawana ushirikiano!

Wakubwa wa jiji walikuwa watatu, na suti zao. Mwenyekiti akasoma kurasa zake nne, sauti ikapanda mpaka kwenye paa la kioo. Wakubwa wakapiga makofi, wakanywa maji, wakatushika mikono. Mmoja akasema jengo hili lina roho. Wifi akanifinya.

Karani wao hakukaa kwenye hotuba. Mtu mzima, shati limechomekwa vizuri, daftari kifuani. Alipitia ngazi za nyuma kwenda kuhesabu. Nilimwona aliposhuka tu. Miwani yake! Mkono wa kulia umelegea, lenzi moja iko kwenye nyusi, nyingine imekaribia shavu. Mtu kama huyo anahesabuje? Mikono iliniwasha. Nilitaka kumshika hapo hapo nimkalishe. Wakaondoka kabla sijamfikia.

Tumekunywa chai dukani kwa wifi. Tumecheka, tumemwiga Mwenyekiti. Nimejisikia mwepesi ambavyo sijajisikia tangu mwaka jana.

Jumatano, 12 Machi

Matatu.

Maduka hai: matatu! Karatasi imebandikwa mlango mkubwa, safari hii chini, kila mtu kaisoma mwenyewe. Fundi viatu: hai. Kijana wa simu: hai. La tatu tumelitafuta kwa nusu saa, namba hatuijui. Kumbe ni stoo ya mifagio! Mlango wazi, taa inawaka, mfagizi yupo ndani. Hai.

Sisi wengine, wote, mstari mmoja: "Mlango umezibwa. Mwenye duka amehama."

Nimekaa kwenye sanduku langu nisijue nishike nini. Amehama nani? Mimi nilikuwa ngazi mbili chini, nampigia makofi kinyozi!

Mchana.

Tumejua. Ee Mungu wangu, tumejua.

Mwenyekiti alimwita mfagizi ukumbini, tukamzunguka. Mama wa watu sikio la kushoto halisikii, sote tunalijua hilo, hajawahi kulificha. Ulikutana na karani? Nilikutana naye. Alikuuliza? Aliuliza, tena kwa kila mlango, mpaka nikachoka. Aliuliza nini? Aliuliza, "Mwenyekiti yuko wapi?" Na wewe ukamjibu nini? "Nikamwambia Mwenyekiti hayuko huku, alishahama huku juu, siku hizi yuko chini."

Wifi ndiye aliyeanza kucheka, vibaya, mpaka akashika ukuta.

Karani alikuwa anaelekeza kidole kwenye kiti! Mwenye kiti hiki yuko wapi? Mwenye kiti hiki, mlango hadi mlango. Na mfagizi kwa moyo mweupe anamjibu habari za kinyozi, ambaye kweli alihama kutoka ghorofa ya pili. Mara kumi na nane! Na yule bwana anaandika: amehama, amehama, amehama.

Mfagizi kalia. Nimempeleka dukani kwangu, nikamkalisha kwenye kiti cha bluu, nikamwambia si kosa lako, ni kosa la Kiswahili. Akanyamaza, akasema yeye alishangaa kweli mtu mmoja anatafutwa na jiji kiasi kile.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeandika barua ya rufaa. Wamenichagua kwa sababu ya mwandiko. Mwenyekiti alitaka aanze na historia ya jengo tangu jiwe la msingi, nikamwambia akanyoe watu.

Nimeeleza kiti. Kutazama nje, kutazama ndani, yote. Nimeeleza mfagizi na sikio lake, bila kumdhalilisha. Mwisho nimeandika: "Nina miaka ishirini na sita katika jengo hili. Kwa miaka yote hiyo, kiti mlangoni hakijawahi kusema uongo. Aliyekiweka amerudi." Nikatia sahihi yangu.

Nimeisoma kwa wote. Fundi viatu akasema hapo pa uongo nimemgusa. Wifi alikuwa anatazama simu.

Jumamosi, 15 Machi

Hakuna mteja. Mvua. Ndoo tatu ukumbini chini ya paa la kioo, kila moja na mlio wake.

Alhamisi, 20 Machi

Wamejibu! Tena kwa lugha nzuri. Hesabu itarudiwa Alhamisi ijayo, tarehe 27, kuanzia saa tatu. Karani yule yule, na stoo ya mifagio imefutwa, si duka. Na hapa nanakili mstari mmoja, kwa maana nimeusoma mara kumi: "Kwa kuzingatia maelezo ya fundi miwani, kiti kilichowekwa mlangoni kitahesabiwa kuwa mwenye duka yupo."

Kwa kuzingatia maelezo ya fundi miwani! Mume wangu angekuwepo ningemsomea mpaka akimbie nyumba.

Mwenyekiti katangaza: safari hii hakuna hotuba. Kila mtu dukani kwake, asibanduke hata jengo liwake moto. Tumekunywa chai tena. Wifi kasema kichwa kinamuuma, akafunga mapema.

Jumatatu, 24 Machi

Wifi anahama.

Kaja asubuhi na vikombe viwili, kakaa kwenye kiti cha bluu. Nikajua. Wifi akija na chai yake mwenyewe ana jambo. Kapata nafasi kule nje ya mji, dirisha kubwa la kona. Magauni ya harusi wanayataka, kumbe yeye ni "chapa". Anaingia Jumatano hii. Akichelewa wanampa mwingine.

Nikamwambia wifi, subiri Alhamisi ipite. Siku moja tu. Akasema kawaomba, wamekataa. Nikamwambia tutakuwa kumi na tisa. Akasema anajua kuhesabu.

Hapo nilimtolea maneno. Nilimwambia kaka yake angeona haya. Hilo sikupaswa kulisema. Akaweka kikombe chini, akaniambia kwa upole kabisa: wifi, tangu mwezi wa kumi sijapata bibi harusi hata mmoja aliyezipanda zile ngazi. Mmoja alianza kupanda na mama yake, mama akakaa katikati akagoma kuendelea. Nife na jengo?

Na ana haki. Hilo ndilo linaloniuma. Mume wangu alipofariki ni huyu aliyefungua duka langu kila asubuhi, miezi mitatu mizima, akauza fremu asizozijua, akampa mzee mmoja miwani ya kike na mzee akaipenda. Nina hasira naye na sina pa kuziweka.

Jumatano, 26 Machi

Kaondoka saa sita. Magauni yamebebwa kwenye mifuko mirefu, watu wakishuka nayo ngazini mmoja mmoja. Kachukua vioo, pazia, kaunta, kiti chake cha mlangoni. Hata balbu! Wifi ni wifi.

Bi Harusi kabaki. Mkono wake ule mmoja umenyooka, haukupita mlango wa gari. Wifi akasema, "Nitarudi kumchukua." Akanipa funguo. Tukashikana. Nikamwambia lile la kaka yako lifute. Akasema lipi? Machozi yamenitoka, yeye pia, na wabebaji wakasimama hapo na gauni wasijue waangalie wapi.

Nimemfuata Mwenyekiti kumwambia. Kumi na tisa. Alikuwa ananoa wembe. Nikasema labda tumweke mfagizi kule ndani awe mtu wa wifi. Akasema karani anamjua mfagizi, kamwandika yeye na stoo yake. Watu wengine wote wako madukani kwao. Akanoa, akanoa. Halafu akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo: "Wewe ndiye uliyeandika barua. Mimi sijaona kitu."

Sijui alikuwa ananiruhusu au ananikimbia.

Alhamisi, 27 Machi

Saa mbili kasoro. Nimefika wa kwanza. Nimefungua langu. Nimesimama na funguo za wifi.

Saa mbili. Nimefungua na la wifi. Nimetia balbu, ya stoo yangu. Duka tupu linatisha, sauti ya viatu vyangu ilikuwa ya mtu mwingine. Nimemsogeza Bi Harusi katikati ya dirisha. Nikafunga mlango, nikarudi kwangu.

Saa mbili na nusu. Nimempelekea wifi ujumbe: utakuja lini kumchukua Bi Harusi? Kajibu hapo hapo: nikipata gari.

Basi anarudi. Kasema mwenyewe, mara mbili. Aliyeweka kiti atarudi. Ila kiti hakukiweka yeye. Na hakisemi lini. Kikitazama ndani, maana yake atachelewa kidogo. Kidogo ni kiasi gani? Hakuna aliyewahi kupima.

Najijua ninachofanya. Najitafutia mlango wa nyuma kama karani.

Saa tatu kasoro dakika tano. Nimekiweka. Kiti cha bluu, mlangoni kwa wifi, mlango wazi, kimetazama ndani. Sina kingine. Mikono inatetemeka — leo!

Saa tatu na robo. Wameanza chini. Karani yuko peke yake, Mwenyekiti anamfuata nyuma. Tuliomba hesabu itangazwe, jiji likakubali, na sasa sauti ya kinyozi inapanda kwenye ukumbi mpaka juu: "Moja!" Hilo ni lake mwenyewe. "Mbili!"

"Tano!" Fundi viatu yuko macho, namsikia akimwamkia karani kwa kelele ili ijulikane.

Saa nne kasoro. "Kumi na moja!" Wako ghorofa ya kwanza.

Nimekiondoa. Nimekirudisha. Mfagizi kapita na deki, kanitazama nikikibeba. Kisha akadeki mbele ya mlango wa wifi, vizuri, kama mlango wa mtu.

"Kumi na tano!" Naomba wifi atokee tu pale ngazini na mdomo wake. Nimempigia mara tatu, hapokei, bila shaka ana mteja. Nimefurahi kwamba ana mteja. Hilo nalo ni kweli.

"Kumi na nane!" Hiyo ni saluni ya kona. Linalofuata ni langu. La mwisho ni lile la ng'ambo.

Saa nne na dakika ishirini. Yuko hapa, ndani. Naandika huku nimeinamia kaunta, anadhani naandika namba ya fremu.

Kaingia kwa salamu. Shikamoo mama, ndiye wewe uliyeandika ile barua? Ndiye mimi. Kasema aliisoma nyumbani kwa mkewe, wakacheka habari ya mwenyekiti mpaka watoto wakaamka. Kasema siku ile alirudi ofisini na moyo mzito, jengo zima kuhama! Kaomba radhi. Mtu mwema. Ningependa angekuwa na roho mbaya.

Kaandika. Mwenyekiti mlangoni: "Kumi na tisa!" Sauti imemkauka. Hanitazami.

Karani akageuka kuangalia ng'ambo. Taa. Bi Harusi. Kiti. Akasema, "Ahaa, ndicho hiki," akafurahi kama mtu anayemwona aliyesimuliwa. Akavua miwani aipanguse apate kuandika — na mkono wa kulia ukabaki kiganjani mwake! Skrubu imeruka, imeingia chini ya kabati. Nilijua. Tangu siku ile nilijua.

Haoni hata mistari ya daftari. Kauliza kama naweza kumtengenezea sasa hivi, amalizie hilo moja la mwisho. Naweza. Skrubu ninayo, bisibisi iko mkononi. Dakika tano tu. Lakini nitampimia miwani puani, na kwenye masikio yote mawili, na hiyo mtu hafanyiwi amesimama. Naye kasimama tangu saa tatu. Kageuka kushoto, kageuka kulia, anapapasa pa kukaa. Sanduku langu limejaa, nimelikalia mimi. Mwenyekiti katazama dari.

Kile cha bluu kinaonekana hata bila miwani. Keshaanza kuvuka. Kashika mgongo wa kiti, kasimama, kanigeukia, maana ana adabu zake:

"Mama, mwenye kiti hiki ni nani, nimwombe nikikalie mara moja?"